Kuhe wa Kipili hadanganywi na jina la chambo

SIMBA ilipopanda Sumbawanga Oktoba 22, 2020, ilikuwa bingwa mtetezi. Ikashuka na kichapo cha bao 1-0 kutoka kwa Tanzania Prisons pale Uwanja wa Nelson Mandela. Mashabiki wa Rukwa hawajaisahau siku ile, na wavuvi wa ndoano wa mkoa huohuo wanaliishi somo lake kila alfajiri: jina kubwa halikupi ushindi, lazima umsome mpinzani.

Ukitoka Sumbawanga ukapita Namanyere, barabara inaanza kuteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa hadi Ziwa Tanganyika. Huko chini ndiko Kipili, wilayani Nkasi, mbele yake kukiwa na visiwa kama Mvuna na Ulwile. Mpinzani wa huku anaitwa kuhe.

Kuhe ni wa ukoo mmoja na sato, ila huyu ni pande la samaki. Ni miongoni mwa wakubwa kuliko wote katika ukoo huo duniani, anaweza kupita nusu mita kwa urefu na kufika kilo 4 na ushee. Nyama yake inagombewa. Kwa kijana mwenye mtumbwi, mshipi na ndoano tatu, kuhe mmoja ni mboga ya nyumbani na hela ya daftari la mtoto. Akimkosa, siku imekwenda.

Na kumkosa ni rahisi mno.

MSOME MPINZANI KWANZA

Maji ya Tanganyika ni maangavu. Siku tulivu unaona miamba na mchanga mita kadhaa chini yako. Sasa kumbuka, ukimuona samaki, na yeye anakuona. Anaona kivuli cha mtumbwi, anaona mshipi mnene, na kafi likigonga ubao mtikisiko unamfikia kupitia ule mstari wa ubavuni ambao samaki huutumia kuhisi maji yanavyocheza.

Kuhe anawinda samaki wadogo kwa kuwafukuza, hasa karibu na ufukwe, kwenye mchanga na pembezoni mwa miamba. Hapo ndipo swali la chambo linapoanzia. Kujua chambo gani kinasifiwa Mwanza au Kigoma hakutakusaidia sana. Jiulize huyu wa hapa, asubuhi hii, anafukuza nini.

KIKOSI CHA CHAMBO

Namba moja ni samaki mdogo aliye hai. Anaogelea mwenyewe, huna haja ya kumchezesha. Mtoboe juu kidogo ya mgongo, kwenye ngozi na nyama tu. Ukigusa uti wa mgongo umemuua, na ukiua umepoteza faida yote. Kaa naye kwenye ndoo ya maji unayoyabadilisha mara kwa mara.

Namba mbili ni dagaa mbichi wa usiku uleule, anayenunuliwa kwa wavuvi wa taa wanaporudi alfajiri. Anang'aa, na ndicho chakula ambacho samaki wengi wakubwa wa ziwa hili wanakifahamu. Tatizo lake ni ulaini, anachomoka kwenye ndoano haraka. Tumia ndoano ndogo, pitisha machoni, na ukiweza weka wawili pamoja. Wafunike kwa kitambaa chenye maji, wasipigwe na jua. Dagaa aliyekauka mwachie mpishi.

Namba tatu ni ukanda wa tumbo la mgebuka. Ukate mwembamba na mrefu, ngozi yake ya fedha ibaki, ili upepee ndani ya maji. Ni mgumu, haung'oki kirahisi. Huyu anafaa zaidi ukishusha mshipi kwenye kina kumtafuta sangala, ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria.

Minyoo je? Hao ni viungo wakabaji, kazi yao haionekani kwenye ubao wa mabao. Ukiwashusha kwa ajili ya kuhe, vidogo vitawamaliza kabla mkubwa hajasogea. Basi watumie kunasia hao vidogo, halafu hao ndio wawe namba moja wako.

Manyoya meupe na vitu vinavyong'aa vinafanya kazi kwa migebuka wakiwa kundini na wenye njaa. Kuhe mwoga kwenye maji matulivu anaweza kuvifuata, akavikagua, akageuza.

Ratiba nayo ina neno. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo dagaa mbichi wanaadimika. Hapo ndipo wengine wanashawishika kutafuta chambo kwa chandarua au kokoro. Hizo ni zana haramu, na zinazoa watoto wa samaki ambao kesho ndio kuhe wenyewe. Ndoano ndogo na mnyoo mmoja vinatosha.

CHAMBO KIZURI, MPIGAJI MBOVU

Unaweza kuwa na chambo cha uhakika na bado ukatoka kapa. Mshipi uwe mwembamba kadiri unavyoweza kuhimili. Uzito wa kuzamishia uwe mdogo, chambo kishuke taratibu kama samaki aliyeumia. Simamisha mtumbwi mbali, tupa kuelekea mwambani, kisha tulia. Alfajiri na jioni ni nzuri, na kaupepo kanakokunja uso wa maji ni rafiki yako kwa sababu kanavunja kivuli.

Akigusa, usivute. Mwache ageuke nacho. Washambuliaji wengi wanapaisha kwa sababu ya papara tu.

HAPA NI KADI NYEKUNDU

Kuna wakati kuhe haogopi kitu. Ni pale dume na jike wanapolinda mayai au makinda yao chini ya maji. Kitu chochote kikisogea wanakivamia, na wanafanya hivyo kufukuza adui. Ukishusha hata manyoya, unaweza kumtoa.

Usijisifu kwa samaki huyo. Watafiti wanaamini kuhe huzaa mara moja tu maishani mwake. Ukimtoa mlinzi mmoja, maelfu ya makinda yanabaki na beki pungufu, na ziwani hakuna anayeyaonea huruma.

Mwaka 2024 uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Familia nyingi za mwambao zilikaa bila kipato chao cha kila siku. Waliovumilia kipindi kile wanajua gharama ya ziwa kuchoka.

Kwa hiyo ukiwaona wawili wamesimama pamoja juu ya mchanga, na wingu la vidogo katikati yao, kunja mshipi. Sogea mwamba unaofuata, na namba moja wako akiwa bado hai kwenye ndoo.