Reli ya Bububu: Jina Lililotangulia Gari la Moshi

Katika barza za Wazanzibari, iwe Maskati, Dubai au London, ikitajwa Bububu hakosi mtu wa kusema kwamba mahali pale palipewa jina kutokana na mlio wa gari la moshi. Masimulizi haya ni matamu, na watoto waliozaliwa ughaibuni huyapokea kwa kicheko. Lakini tarehe hazikubaliani nayo, na inafaa sababu yake ielezwe pamoja na khabari za reli yenyewe.

Bububu iko pwani ya magharibi ya Unguja, takriban maili 7 kaskazini ya mjini. Reli iliyofika huko ilijengwa na Arnold, Cheney & Co., kampuni ya Kimarekani yenye makao yake New York, ambayo kwa miaka mingi ilifanya biashara ya pembe za ndovu Zanzibar. Ilifunguliwa mwaka 1905, zama za Seyyid Ali bin Hamoud. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoleta umeme mjini.

Haikuwa reli ya kwanza kisiwani. Seyyid Barghash bin Said alikwishajenga njia fupi ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, kusini ya mji. Mwanzo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ndogo ya mvuke. Lakini ile ilikuwa reli ya mfalme na wageni wake, na haikuishi baada ya kufa kwake mwaka 1888. Ya Bububu ilikuwa ya kila mwenye nauli.

Safari ilianzia kando ya Ngome Kongwe, ambayo kwa wakati ule ilitumiwa kuwa karakana ya reli. Gari lilipita katika njia nyembamba za mjini, karibu mno na kuta za nyumba, kisha likafuata pwani. Abiria alipita Maruhubi, ambako kasri la Seyyid Barghash lilikuwa limeungua mwaka 1899, akapita Mtoni, kwenye jumba la Seyyid Said bin Sultan, kisha Beit el-Ras. Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Seyyid Said alianza kulijenga jumba la Beit el-Ras mwaka 1847, akafariki mwaka 1856 kabla halijamalizika. Sehemu ya mawe ya magofu yake ndiyo iliyochukuliwa kujengea reli.

Nani waliosafiri? Wengi walikuwa watu wa kawaida wa shamba na mjini. Tusisahau kwamba amri ya kuondosha utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, miaka 8 tu kabla ya gari la kwanza. Katika mashamba ya karafuu na minazi ya upande ule waliishi watu waliokuwa watumwa na watu waliowamiliki, na sasa wote waliweza kununua tikiti ya njia moja.

Kwa mizigo, hata hivyo, reli haikuwa na riziki kubwa. Karafuu nyingi zilitoka Pemba, na zilifika bandarini kwa vyombo vya baharini. Mwaka 1911 serikali ikainunua reli. Zilipotengenezwa barabara na magari ya mafuta yakazidi, maili 7 za chuma hazikuwa tena na faida. Katika miaka ya 1920 gari la abiria likasimamishwa. Njia ikatumiwa kuchukulia mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari mpya, na kazi hiyo ilipokwisha, reli ikang'olewa.

Turudi kwenye jina. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, aliondoka Zanzibar mwaka 1866. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo, naye aliwahi kukaa huko katika nyumba iliyo karibu na bahari. Yaani jina limo kitabuni miaka 19 kabla ya kufunguliwa reli, na lilikuwa midomoni mwa watu kabla ya hapo. Maelezo mengine, yanayolihusisha jina na maji yabubujikayo katika chemchemi za huko, angalau hayagongani na tarehe.

Mtu atauliza: kuna dhara gani kuwaachia wazee hadithi yao? Dhara ni kwamba hadithi hii inaifanya Bububu ianze mwaka 1905, kwa injini ya wageni, na kuwafuta waliolima, waliochota maji na waliozikwa pale kabla yake. Mji hupoteza wazee wake kwa namna hiyo.

Reli yenyewe pia ina manufaa kwa familia zilizohama na masanduku ya picha zisizo na maandishi. Picha au postikadi inayoonyesha gari la moshi na mabehewa kando ya Ngome Kongwe haiwezi kuwa ya zama za Seyyid Barghash kama wengi wanavyodhani. Itafutiwe nafasi baina ya 1905 na miaka ya 1920. Iandikwe nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, nani wanaoonekana na nani aliyeihifadhi, maadamu wapo wanaowatambua.