Kutoka Jukwaani Hadi Nyuma ya Kamera

Bibi Mira Nair, mzaliwa wa India mwaka 1957, alianza sanaa kwa kuigiza jukwaani. Lakini mwigizaji husema aliyopewa. Mwongozaji ndiye achaguaye hadithi. Akashika uongozaji na utayarishaji. Mwaka 1988 alitoa Salaam Bombay!, sinema ya Kihindi iliyochezwa na watoto wa mitaani wenyewe, ikatuzwa Cannes, Ufaransa. Mwaka 1991, Mississippi Masala ilisimulia habari za Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Mjini Kampala alianzisha Maisha mwaka 2004, kuwafundisha vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza sinema. Na Queen of Katwe ikafuata mwaka 2016. Kijana wa Bugolobi mwenye hadithi ya mtaa wake asingoje mgeni aje kuisimulia.