Laptopu kuukuu, mfumo mpya: kwa nini picha zinagoma

Kama una laptopu ya mtumba na aliyekuuzia alikuonyesha kwa fahari kwamba "ina mfumo mpya kabisa", makala haya yanakuhusu. Mimi yalinikuta, na yalinitoa Mombasa hadi Ruiri kwenda kuyamaliza.

Dadangu ameolewa Meru. Yeye na shemeji wanakaa Ruiri, eneobunge la Buuri, upande wa mlima unaotazama Isiolo. Binti yao wa pili anasomea utayarishaji wa video, na mwaka jana nilimnunulia MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012 kutoka kwa muuzaji mmoja wa mitumba hapa mjini, jina lake nitaliacha. Shilingi elfu ishirini na tano. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo, na ndani yake ilikuwa na macOS Sonoma. Sikuuliza zaidi. Laiti ningeuliza.

Alhamisi moja usiku akanipigia. "Mjomba, kompyuta imekufa nusu." Nikamuuliza, nusu vipi? Akasema inawaka, inafika mpaka kwenye picha ya mbele, lakini ukisogeza dirisha linakwenda kwa kukwamakwama kama mkokoteni kwenye mchanga. Video hazichezi. Panka linavuma bila kunyamaza. Programu yake ya kuhariri inafunguka na kufa papo hapo. Na waifai imetoweka kabisa, hata alama yake haipo. Kazi yake ya mwisho wa muhula, video ya dakika nane, ilitakiwa Jumatatu, na yote ilikuwa humo ndani.

Nilimuuliza swali moja tu: "Umeifanyia sasisho?" Akanyamaza kidogo. Ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku akiwa chuoni, kwenye intaneti ya bure. Alipoifungua asubuhi ndiyo hali aliyoikuta, na siku mbili baadaye akarudi nayo nyumbani. Hapo nikajua ugonjwa, na nikajua pia kwamba kwa simu hatutaumaliza. Ijumaa alfajiri nilikuwa kwenye gari la moshi la Nairobi, kisha matatu ya Meru.

Sasa nieleze kilichotokea, maana wengi huambiwa na mafundi kwamba "kadi ya grafiki imeungua" na kulipishwa kwa kitu ambacho hakikuungua.

Mashine hiyo ilitoka Juni 2012, na kampuni ya Apple iliendelea kuiuza mpaka 2016. Mfumo wa mwisho ambao Apple yenyewe inaukubali kwenye mashine hiyo ni Catalina, wa mwaka 2019. Sonoma, wa 2023, haukukusudiwa kuingia humo hata kidogo. Aliyeuweka alitumia programu iitwayo OpenCore Legacy Patcher, inayotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Si wizi wala si udanganyifu. Ni kazi nzuri sana, na imeokoa maelfu ya kompyuta zisitupwe jaani. Na haja ipo: kivinjari cha Chrome, kwa mfano, kiliacha kuhudumia Catalina mwaka 2024, na kila mwezi unaopita tovuti na programu zinazomkataa mtu wa Catalina zinaongezeka. Kosa la muuzaji ni kunyamaza. Aliuza chombo chenye kiraka bila kumwambia mnunuzi kwamba kuna kiraka.

Ndani ya kila kompyuta kuna chipu inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Ya mpwa wangu ni Intel HD Graphics 4000. Chipu hiyo haizungumzi na mfumo moja kwa moja. Katikati yao yupo mkalimani, programu ndogo iitwayo draiva. Mfumo ukisema "sogeza dirisha hili", draiva ndiyo inayotafsiri amri hiyo kwa lugha ya chipu. Mwaka 2021, Apple ilipotoa mfumo wa Monterey, iliwaondoa wakalimani wa HD 4000. Chipu ni nzima, imekaa pale pale, lakini hakuna anayeisemesha.

Mkalimani akikosekana kioo hakizimiki. Mfumo unamtwika kazi yote ya kuchora prosesa mkuu, ambaye si kazi yake. Ndiyo sababu ya ule mwendo wa kusuasua, joto na panka kuvuma. Kipimo rahisi ni hiki: fungua ukurasa wa maelezo ya mashine, ule unaoupata kwa kubonyeza alama ya tofaa kwenye pembe ya juu, uende kwenye maelezo ya grafiki. HD 4000 yenye draiva huonyesha kumbukumbu ya megabaiti 1536. Yake ilionyesha megabaiti chache za kuhesabika kwa vidole. Ukiona hivyo, usimpe fundi yeyote pesa ya kufungua mashine.

Wale watu wa kujitolea wanafanya nini basi? Wanachukua draiva za zamani kutoka kwenye mfumo wa Big Sur, wa mwaka 2020, ambao bado ulikuwa na wakalimani hao, wanazirekebisha zielewane na mfumo mpya, kisha wanazipachika ndani ya mfumo. Hapo ndipo penye mgogoro. Tangu Big Sur, Apple huufunga mfumo wake kwa muhuri, na faili za ndani zikiguswa muhuri unavunjika. Kupachika draiva ni kuvunja muhuri. Baadhi ya kinga za usalama nazo hulegezwa ili kiraka kikubalike, jambo ambalo mwenye mashine ana haki ya kuambiwa kabla hajaanza kuweka mambo yake ya benki humo.

Na sasisho likija? Linaleta mfumo mpya mzima wenye muhuri mpya. Faili zote zilizopachikwa zinafagiliwa. Kwa sababu muhuri wa kwanza ulivunjwa, mashine haishushi kipande kidogo cha mabadiliko kama nyingine, bali hushusha mfumo wote, gigabaiti kumi na zaidi. Anayelipia bando anajua hiyo ni gharama ya namna gani. Mpwa wangu hakulipa kwa kuwa alikuwa chuoni, lakini kiraka chake kilikwenda na maji.

Programu yenyewe ilikuwa imemwonya. Baada ya sasisho ilimtolea ujumbe kwamba viraka havipo, virudishwe. Alibonyeza, ikasema inahitaji intaneti. Na intaneti haipo, kwa sababu waifai ya mashine hiyo nayo iliachwa na Apple, nayo inategemea viraka vile vile vilivyofagiliwa! Hakuweza kurudisha kiraka bila intaneti, na hakuweza kupata intaneti bila kiraka. Alijaribu kuunganisha simu yake ya Android kwa waya, Mac haikuitambua. Simu nyingi za Android hugawa intaneti kwa waya kwa njia ambayo Mac haiijui mpaka iwekewe draiva nyingine tena. iPhone ingekubali, lakini nyumba nzima haikuwa na iPhone.

Nilifika Ijumaa usiku, upepo wa mlima ukinipenya mpaka mifupani. Dada alinicheka kwa koti langu jepesi, akaniletea chai na leso ya kujifunika. Kumbe uzee wa mashine ndio ulioiokoa. MacBook Pro ya 2012 ya inchi 13 ina tundu la waya wa intaneti ubavuni. Zilizokuja baadaye, nyembamba na za fahari, hazina. Na tundu hilo halitegemei viraka vinavyopachikwa ndani ya mfumo, kwa hiyo sasisho halilizimi.

Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye saiba moja pale senta ya Ruiri. Nikamweleza kijana mwenye duka shida yetu, naye akatoa waya nyuma ya kompyuta yake mwenyewe akatupa. Tukauchomeka. Intaneti ikaja.

Kabla ya lolote tulinakili video yake yote kwenye diski ya nje. Tafadhali usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Mpwa wangu alitaka kuiruka, nikakataa. Kisha tukafungua OpenCore Legacy Patcher, tukachagua "Post-Install Root Patch". Ikaitambua HD 4000 na waifai, ikaanza kushusha kifurushi kinachotoka kwa Apple yenyewe ambacho kinahitajika ili draiva zichanganywe na kiini cha mfumo. Ni mamia ya megabaiti, tukanywa chai nyingine. Ikauliza neno la siri, ikafanya kazi yake kama dakika kumi, ikaomba kuwashwa upya.

Ilipowaka, mpwa wangu alishika dirisha akalizungusha kioo kizima, likamfuata kidole bila kukwama. Hakusema kitu. Alifungua kazi yake palepale kwenye benchi la saiba akaanza kukata vipande, mpaka nikamkumbusha kwamba kule tuna kiti cha watu.

Kabla sijaondoka nilizima masasisho ya kujiendesha yenyewe. Tumekubaliana kwamba sasisho atalifanya kwa mkono, siku isiyo na kazi, karibu na waya, na baada ya kuangalia kama toleo jipya la programu ya viraka limeshatoka. Shemeji alininunulia waya wa mita tano, uko kwenye mkoba wa laptopu.

Kwa anayetaka kununua: mashine za 2011 zenye Intel HD 3000 ziogope. Tangu Mojave wa 2018, macOS huchora kwa njia iitwayo Metal, na HD 3000 haiijui kabisa, kwa hiyo viraka vyake ni vigumu zaidi na kasoro hubaki. HD 4000 ya 2012 inaijua Metal, ndiyo maana yetu ilipona vizuri.

Wenye Windows nao wasicheke. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za miaka ya karibuni na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wengi wanailazimisha kwenye mashine kuukuu. Ikikosa draiva ya grafiki, Windows huangukia draiva yake ya msingi, na utaona dalili zile zile: maandishi makubwa yaliyofifia, video za kukatikakatika.

Mtu atauliza, kwa nini usimwekee Linux? Swali zuri, na mimi mwenyewe ningependa. Linux haikuitupa HD 4000. Draiva yake imo ndani ya kiini, grafiki hufanya kazi siku ya kwanza bila kiraka. Ila waifai ya mashine ile, hata kwenye Linux, mara nyingi hutaka faili ya kushushwa kwanza, kwa hiyo ule waya wa mita tano ungehitajika vilevile. Lakini kazi yake ilikuwa kwenye programu ya Mac, na siku zilikuwa mbili. Mwakani tutazungumza, maana Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa mashine zote za Intel.

Video aliiwasilisha Jumapili usiku saa tano. Mimi nilikuwa nimeshashuka Nairobi, nikisubiri gari la moshi la asubuhi.