Tathmini Inayotazama Mbele: Somo la Polio Haut-Lomami

Tarehe 20 Februari 2017 mtoto mmoja wa jimbo la Haut-Lomami, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo makao yake makuu ni Kamina, alipooza ghafla. Tarehe 8 Machi akafuata wa pili, katika wilaya nyingine ya jimbo hilohilo. Maabara ilikuta kirusi cha polio cha aina ya 2. Aina hiyo, katika umbo lake la asili, ilitangazwa Septemba 2015 kuwa imetokomezwa duniani. Kilichowapooza watoto hao kilikuwa kirusi kilichotokana na chanjo. Hadi mwaka unakwisha, Kongo ilikuwa imehesabu watoto 22 waliopooza kwa sababu hiyo.

Ninaanzia hapo kwa sababu hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwa nini tathmini ya programu haitoshi ikiangalia nyuma tu.

Chanjo ya matone ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinazaliana tumboni mwa mtoto, kinamjengea kinga, kisha kinatoka na choo. Pale ambapo watoto wengi wamechanjwa, safari yake inaishia hapo. Pale ambapo wengi wamekosa chanjo, kinapita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, kinabadilika polepole na kurudisha ukali wake. Kwa kuwa aina ya 2 ya asili ilikwisha kutoweka, wataalamu waliona hakuna sababu ya kuendelea kuiweka ndani ya chanjo. Kati ya Aprili 17 na Mei 1, 2016, nchi 155 ziliacha chanjo ya matone yenye aina tatu na kuanza kutumia yenye aina mbili, ya 1 na ya 3.

Tuseme mtathmini angeitwa Mei 2016. Angeuliza: je, chanjo ya zamani imeondolewa kwenye friji za vituo? Imeondolewa. Mpya imefika? Imefika. Muda uliopangwa umezingatiwa? Umezingatiwa, tena katika sehemu kubwa ya dunia kwa wiki mbili tu. Angetoa alama za juu na asingesema uongo. Lakini tathmini rasmi iliyotolewa mwaka 2024 ilihukumu kwamba mpango huo ulishindwa kabisa: zaidi ya watoto 3,300 walikuwa wamepooza, na zaidi ya dola bilioni 1.8 zilikuwa zimetumika kuzima milipuko.

Si kweli kwamba hakuna aliyetazama mbele. Hesabu za kitaalamu zilifanywa kabla, na zilisema milipuko michache ingetokea mapema kisha ingefifia. Shida ni kwamba njia iliyochorwa ilikuwa moja, na ilisimama juu ya dhana: kwamba kinga ya watoto ingepandishwa vya kutosha kabla ya siku ya kubadili, kwamba chanjo ya sindano ingepatikana, na kwamba mlipuko ukitokea ungezimwa upesi kwa matone maalumu ya aina ya 2. Chanjo ya sindano ikawa haba duniani. Matone maalumu nayo, pale kampeni zilipoacha watoto wengi bila kuchanjwa, yakazaa milipuko mingine, Kongo ikiwemo. Kubashiri kunampa kiongozi tarakimu moja ya kushika mkononi. Kutazama mbele kimkakati kunamlazimisha aulize: ni nini kingine kinaweza kutokea, na tutajuaje mapema kwamba tumeingia njia hiyo nyingine?

Swali hilo lina historia ndefu kidogo. Mfaransa Gaston Berger alilifanya kuwa fani katika miaka ya 1950, na kampuni ya mafuta ya Shell ikalitumia miaka ya 1970 kwa kuandika taswira kadhaa za siku zijazo badala ya moja. Huku kwetu Afrika Mashariki, Wakenya walichapisha taswira nne za nchi yao mwaka 2000, mbili kati yake zikiitwa Maendeleo na Katiba.

Sasa turudi Haut-Lomami, tuangalie jinsi kampeni ya chanjo inavyopimwa. Mchanjaji akishampa mtoto matone, anampaka wino kwenye kidole kidogo. Siku chache baadaye mfuatiliaji huru anapita nyumba kwa nyumba akikagua vidole. Ni kipimo kizuri, cha haki na cha bei ndogo, nami nisingependa kiachwe. Ila kidole chenye wino kinasema habari ya mtoto aliyekuwepo siku hiyo. Jimbo hili lina mto Lualaba, lina maziwa ya Upemba na Kisale, lina kambi za wavuvi upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, ambako familia huhama zikifuata samaki. Asilimia ya vidole ikiwa nzuri mwezi huu, bado hatujui kambi ipi itajaa watoto wasiochanjwa miezi sita ijayo. Hilo linajulikana na wavuvi wenyewe, na wahamasishaji wa jamii tunaowaita reko, na muuguzi mkuu wa kituo. Hao ndio ambao mtathmini anapaswa kuketi nao.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Kwanza dhana zote zinazobeba mafanikio ya programu huorodheshwa bila aibu. Kisha huchaguliwa mbili zenye uzito mkubwa kuliko zote na ambazo uhakika wake ni mdogo. Kwa chanjo Haut-Lomami leo, ningechagua fedha za nje na kufikika kwa familia zinazohama. Fedha si hofu ya kufikirika: mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la USAID, na Juni mwaka huo ikatangaza kuacha kuichangia Gavi, mfuko unaonunulia nchi maskini chanjo. Dhana hizo mbili zikipishanishwa, zinatoa picha nne: fedha zipo na kambi zinafikika, fedha zipo ila kambi hazifikiki, na kuendelea hivyo. Kila pendekezo la ripoti linapitishwa katika picha zote nne. Kununua boti ya injini kunafaa pale tu mafuta yana mlipaji. Kumfundisha reko wa kambini kuandika watoto wanaozaliwa na wanaohamia kunafaa hata fedha zikikauka. Ripoti ya kawaida ingeyaweka mapendekezo haya mawili sambamba kana kwamba yana nguvu sawa.

Baada ya hapo huja dalili za kutazamwa: ni nini kikionekana, nani ataarifiwa, na uamuzi gani utachukuliwa. Kwangu mimi hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko zote, na ndipo wengi huchoka. Picha nne nzuri bila mtu aliyekabidhiwa kuangalia dalili ni karatasi tu.

Vigezo vya tathmini vya nchi wafadhili wa OECD, vilivyoandikwa 1991 na kurekebishwa 2019, vina kipengele cha uendelevu: je, manufaa yatadumu? Jibu lake haliwezi kutoka katika takwimu za jana peke yake. Hata hivyo, ripoti nyingi hulijibu kwa aya moja ya matumaini.

Ipo hatari ya kweli. Msimamizi aliyeshindwa anaweza kujificha nyuma ya taswira, akasema dunia ilibadilika. Kwa hiyo maswali ya zamani yabaki mwanzo wa ripoti: fedha zilikwenda wapi, watoto wangapi walifikiwa, nani alikosewa. Yakijibiwa, ndipo ya mbele yafuate.

Kwa wote wanaoandika hadidu za rejea za tathmini za afya Kamina, iwe ofisi ya jimbo au mfadhili, ombi langu ni hili: mtathmini adaiwe orodha ya dhana, jaribio la kila pendekezo katika hali zaidi ya moja, na jedwali la dalili lenye majina ya wahusika. Tena siku hizo za kazi zitengewe posho, na baadhi yake zifanyike Bukama na Malemba-Nkulu, wavuvi wakiwa mezani.