Mgombea mwenza mwanamke nchini Tanzania

Mgombea mwenza mwanamke ni mwanamke anayependekezwa na chama cha siasa kugombea nafasi ya Makamu wa Rais pamoja na mgombea urais wa chama hicho. Nchini Tanzania suala hili lilipata uzito mwaka 2015, pale Chama cha Mapinduzi (CCM) kilipomteua Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea mwenza wa John Magufuli. Uzito huo uliongezeka tarehe 19 Machi 2021, alipoapishwa kuwa Rais baada ya kifo cha Magufuli.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama uteuzi wa namna hiyo ni mkakati wa kuvuta kura, hasa kura za wanawake. Chaguzi za Tanzania na Kenya zinaonyesha kwamba vyama vinaweza kuwa na nia hiyo, lakini faida yake katika hesabu ya kura ni ngumu kuthibitisha. Athari iliyo wazi zaidi ni ya kikatiba: mgombea mwenza akishachaguliwa ndiye anayesimama nyuma ya Rais, tayari kushika nafasi yake.

Nafasi ya mgombea mwenza katika Katiba

Utaratibu wa mgombea mwenza uliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kwa marekebisho ya mwaka 1994, na ukatumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1995. Kabla ya hapo Rais wa Zanzibar alikuwa pia mmoja wa Makamu wa Rais wa Muungano. Mfumo wa vyama vingi ulipoanza, ilionekana kwamba Rais wa Muungano na Rais wa Zanzibar wangeweza kutoka vyama viwili tofauti, na hivyo njia nyingine ya kumpata Makamu wa Rais ikahitajika.

Kwa mujibu wa ibara ya 47 ya Katiba, mgombea urais na mgombea mwenza hupendekezwa na chama kimoja na kupigiwa kura kwa pamoja. Mpiga kura hapewi nafasi ya kumkubali mmoja na kumkataa mwingine. Ibara hiyohiyo inataka wawili hao watoke pande mbili za Muungano: Rais akitoka Tanzania Bara, Makamu wake atoke Zanzibar, na kinyume chake.

Ibara ya 37 inaeleza kwamba Rais akifariki au nafasi yake ikiwa wazi kwa sababu nyingine zilizotajwa, Makamu wa Rais ataapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki. Hakuna uchaguzi mpya wa wananchi unaofanyika katikati.

Kwa nini chama humteua mwanamke

Sababu zinazotajwa ni za aina tatu. Ya kwanza ni idadi. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2025 daftari la wapiga kura lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37.6, na wanawake walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Chama kinachotafuta ushindi hakiwezi kulipuuza kundi hilo.

Sababu ya pili ni taswira ya chama. Jina la mwanamke katika nafasi ya juu hutumiwa kuonyesha kwamba chama kimebadilika, au kwamba kinatimiza ahadi za usawa wa kijinsia.

Sababu ya tatu ni mizani ya ndani ya chama. Mgombea mwenza anaweza kuchaguliwa ili kuyaridhisha makundi yaliyoshindwa katika mchujo wa mgombea urais.

Sababu hizi hazimaanishi kwamba mteuliwa hana sifa. Mtu anaweza kuteuliwa kwa hesabu za kisiasa na wakati huohuo akawa na uzoefu wa kutosha. Wanaume nao huteuliwa kwa hesabu za dini, kanda au makundi ya chama, ingawa jinsia yao haitajwi kuwa mkakati.

Uteuzi wa mwaka 2015

Mwezi Julai 2015 Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Dodoma kumchagua mgombea urais. Majina matatu yaliyofika hatua ya mwisho yalikuwa ya John Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dkt. Asha-Rose Migiro. Kati ya watatu hao wawili walikuwa wanawake. Magufuli alishinda kwa kura nyingi sana, kisha akamtangaza Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea mwenza.

Samia hakuwa mgeni katika uongozi. Aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kupitia viti maalumu na kuwa waziri katika Serikali ya Zanzibar. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Makunduchi, akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais akishughulikia Muungano. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba.

Kwa hiyo uteuzi wake una tafsiri mbili. Ya kwanza ni kwamba chama kilitoa nafasi ya pili kwa mwanamke baada ya wanawake wawili kukosa ya kwanza. Ya pili ni kwamba chama kilimchagua Mzanzibari aliyekuwa ameshughulikia masuala ya Muungano kwa miaka mitano. Tafsiri zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kupima athari katika kura

Kwa kuwa kura ya urais ni moja kwa watu wawili, matokeo hayaonyeshi ni kura ngapi zilizoletwa na mgombea mwenza. Njia mojawapo ya kulitazama jambo hili ni kulinganisha chaguzi. Mwaka 2005 CCM ilipata asilimia 80 ya kura za urais, na mwaka 2010 ilipata zaidi ya asilimia 60. Mara zote mbili wagombea wenza wake walikuwa wanaume, yaani Ali Mohamed Shein na Mohamed Gharib Bilal. Mwaka 2015, pamoja na mgombea mwenza mwanamke, ilipata asilimia 58. Mwaka 2020 Magufuli na Samia walewale walitangazwa washindi kwa asilimia 84, katika uchaguzi ambao matokeo yake yalipingwa na upinzani.

Wagombea walikuwa walewale, lakini asilimia zilitofautiana sana. Hii ina maana kwamba mambo mengine yalikuwa na nguvu zaidi: mwaka 2015 vyama vikuu vya upinzani viliungana chini ya mwavuli wa UKAWA na kumsimamisha Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu; mwaka 2020 mazingira ya siasa yalikuwa tofauti kabisa. Jinsia ya mgombea mwenza haiwezi kueleza mabadiliko hayo.

Mfano wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma, na uchumi wao hutegemea sana kilimo, hasa cha pamba, pamoja na ufugaji.

Siasa za eneo hili zimewahi kuonyesha nguvu ya mtu wa nyumbani. John Cheyo, kiongozi wa chama cha UDP, aligombea urais mwaka 1995 na 2000, na baadaye alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki. Kura za chama chake zilitoka zaidi katika maeneo ya Wasukuma. Mwaka 2015 Magufuli naye alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, kutoka Chato.

Hapa ndipo sharti la pande mbili za Muungano linapoonekana. Mgombea urais akitoka Bara, mgombea mwenza wake lazima atoke Zanzibar. Kwa mpiga kura wa Bariadi mgombea mwenza huyo hawezi kuwa jirani, ndugu wa ukoo au mtu wa kanda yake. Akiwa mwanamke, kinachoweza kumuunganisha na mwanamke anayevuna pamba Itilima ni jinsia, chama na ahadi anazotoa jukwaani. Zanzibar yenyewe ilikuwa na wapiga kura takriban milioni 1 tu katika daftari la mwaka 2025, kwa hiyo hata kura za nyumbani kwake ni chache zikilinganishwa na za Bara.

Mwaka 2025 Simiyu ilitoa mfano wake. Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa katika wilaya ya Meatu kwa tiketi ya CCM, alihamia ACT-Wazalendo mwezi Agosti na kupitishwa na chama hicho kugombea urais. Mgombea mwenza wake alikuwa mwanamke kutoka Zanzibar, Fatma Fereji, aliyewahi kuwa waziri katika Serikali ya Zanzibar. Hata hivyo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimwondoa Mpina katika kinyang'anyiro mwezi Septemba, na jozi hiyo haikupigiwa kura.

Mkoa huo unaonyesha pia njia nyingine. Mwaka 2020 Leah Komanya, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu, alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Meatu. Katika uchaguzi wa jimbo jina la mwanamke husimama peke yake mbele ya wapiga kura, na ushindi wake hauwezi kuhesabiwa kuwa wa mtu mwingine.

Kenya mwaka 2022

Nchini Kenya hakuna sharti la pande mbili za nchi, kwa hiyo mgombea mwenza huweza kuchaguliwa kwa lengo la kuvuta eneo fulani. Mwezi Mei 2022 Raila Odinga alimteua Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria na mbunge wa Gichugu. Uteuzi huo ulitarajiwa kuvuta wapiga kura wanawake na pia wapiga kura wa eneo la Mlima Kenya, anakotoka Karua. Mpinzani wake, William Ruto, alimteua Rigathi Gachagua wa eneo hilohilo.

Wagombea urais walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwa na wagombea wenza wanawake: Odinga na Karua, George Wajackoyah na Justina Wamae, David Mwaure na Ruth Mutua. Ruto, ambaye peke yake alikuwa na mgombea mwenza mwanamume, alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga. Alishinda pia katika kaunti ya Kirinyaga, nyumbani kwa Karua.

Mfano wa zamani zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1984 Walter Mondale alimteua Geraldine Ferraro, lakini alishindwa katika majimbo yote isipokuwa Minnesota na mji mkuu. Wanawake wengi walimpigia Ronald Reagan.

Mgombea mwenza kama mrithi wa Rais

Nchini Malawi Joyce Banda alikuwa mgombea mwenza wa Bingu wa Mutharika mwaka 2009. Mutharika alipofariki mwezi Aprili 2012, Banda akawa Rais. Tanzania ilipitia hali hiyohiyo mwaka 2021. Katika nchi zote mbili mwanamke wa kwanza kushika urais aliingia kwa njia ya umakamu.

Uamuzi wa mwaka 2015 na 2020 kuhusu mgombea mwenza ndio uliopanga nani angeongoza nchi kuanzia Machi 2021. Samia alipoapishwa, zaidi ya miaka minne ya muhula ilikuwa imebaki. Kwa hiyo, kwa mujibu wa ibara ya 40, angeweza kugombea urais mara moja tu baada ya hapo. Alifanya hivyo mwaka 2025, Emmanuel Nchimbi akiwa mgombea mwenza, na akatangazwa mshindi kwa takriban asilimia 98. CHADEMA haikushiriki uchaguzi huo. Kulikuwa na maandamano na vifo, na waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vya jumuiya zao.

Kwa sababu hiyo swali la kama mgombea mwenza mwanamke anavuta kura linagusa sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Kila jozi inayopigiwa kura ina watu wawili wanaoweza kuwa Rais. Mpiga kura anayemtazama wa pili kama pambo la kampeni, awe mwanamke au mwanamume, anaweza kujikuta ameongozwa naye kwa miaka kadhaa bila kuwa amempima.