Gunia la Mkaa Lisiwagombanishe, Lipeni Magurudumu!

Wanandoa hugombana kwa mambo makubwa: pesa, wakwe, simu inayolia saa sita usiku. Lakini yapo na madogo yanayouma polepole, na mojawapo ni gunia la mkaa. Nani analibeba? Linakaa wapi? Nani anafagia chenga zilizomwagika kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi? Kama hapo kwenu mnatumia mkaa, hata kama ni wa maharage ya Jumapili tu, makala haya yanawahusu.

MTUNGI UPO, GUNIA NALO LIPO

Najua utaniambia, "Dada, siku hizi ni gesi." Ni kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ndiko tunakoelekea. Ila ukipita hapa Mikumi jioni, utakuta nyumba nyingi zina vyote viwili: gesi kwa chai ya asubuhi na mboga ya haraka, mkaa kwa maharage, makande na nyama choma. Na ikifika Juni na Julai, wengine hulitumia jiko la mkaa kuotea moto ndani. Hilo la mwisho ni hatari, nitalirudia.

Wilaya yetu ya Kilosa inaujua mkaa vizuri. Mwaka 2012 ulianza huku mradi wa mkaa endelevu, ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) pamoja na MJUMITA kwa ufadhili wa Uswisi. Katika vijiji kama Ihombwe na Ulaya Mbuyuni, sehemu ya msitu wa kijiji ilitengwa kwa ajili ya mkaa na kugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, kama ubao wa drafti. Kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue na miti irudi.

Hebu fikiria: miti itakayochipua kwenye kitalu kilichovunwa leo itakatwa wakati mtoto aliyeko tumboni sasa hivi keshakuwa mtu mzima anayejitegemea. Mkaa uliogharimu muda wote huo si wa kuachwa ulowe mvua au ukanyagwe mpaka uwe vumbi.

KISA CHA NYUMBANI KWANGU

Mume wangu anafanya kazi Kilosa mjini, mimi niko Mikumi. Anakuja Ijumaa jioni kwa barabara ya Ulaya, Jumatatu alfajiri anaondoka. Gunia ananunua yeye, linashushwa nyuma ya nyumba, basi, kwake kazi imeisha. Mvua ikinyesha Jumanne, ni mimi na gunia langu.

Nilipokuwa na ujauzito wa miezi saba, nesi wa kliniki akanikataza kunyanyua vitu vizito. Wingu likatanda, nikampigia bwana simu. "Baba, mvua hiyo inakuja na gunia liko nje."

"Si umwite mtoto wa jirani?"

Kha! Mtoto wa jirani alikuwa shule. Gunia likalowa, na wiki nzima macho yalikuwa mekundu kwa moshi.

Ijumaa ilipofika sikununa. Nilimwambia kwa utulivu, "Sitaki unibebee gunia kwa simu. Nataka kitu ambacho naweza kukisukuma mwenyewe." Alinyamaza kidogo. Kesho yake asubuhi akatoka na tepu na msumeno, mimi nikakaa kwenye kiti na penseli nikipiga hesabu. Jioni sanduku la mkaa lilikuwa limesimama kwenye magurudumu yake.

MAHITAJI

• Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, yenye unene wa milimita 12 au zaidi
• Mbao za 2 kwa 2 za kona, na vipande viwili vya 2 kwa 4 vya chini
• Magurudumu manne ya inchi 4: mawili yaliyokaa sawa, mawili yanayozunguka na yenye breki
• Bolti, nati na washa za magurudumu, pamoja na skrubu
• Bati lisilo na migongo, la kutandika ndani
• Bawaba mbili, komeo, mpini na rangi ya mafuta

Ukinunua magurudumu, uliza kila moja linabeba kilo ngapi. Piga hesabu ya mkaa pamoja na uzito wa sanduku lenyewe, kisha chukua yanayobeba zaidi ya hapo. Kama ua wenu ni wa changarawe, chukua makubwa zaidi, maana madogo yanazama.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Kateni mbao mbili za mbele na nyuma, inchi 30 kwa 24. Za ubavuni mbili, inchi 20 kwa 24. Kitako inchi 30 kwa 20. Mfuniko inchi 31 kwa 22, ili uzidi kidogo na maji yadondokee nje. Vyote vinatoka kwenye plaiwudi moja, na kipande kinabaki.

2. Kwenye ubao wa mbele, chini katikati, kateni kilango cha inchi 10 kwa 8. Wekeni vijiti viwili pembeni ili kifuniko chake kiteleze juu na chini.

3. Fungeni kuta kwenye mbao za kona kwa skrubu. Misumari mitupu hulegea sanduku likianza kusukumwa.

4. Chini ya kitako fungeni vile vipande vya 2 kwa 4, ndipo mpige bolti za magurudumu. Yale yanayozunguka yawe upande wa mpini.

5. Ndani tandikeni bati. Nyuma liinueni inchi 12 na mbele lishuke mpaka kwenye kilango, kama mteremko. Tieni mbao chini yake lisibonyee. Hivyo mkaa wa zamani unatoka kwanza chini, mpya unamwagwa juu. Ukigoma kushuka, uvuteni kwa koleo dogo.

6. Fungeni mfuniko kwa bawaba, pigeni msasa, pakeni rangi nje. Subirini ikauke kabisa kabla ya kujaza.

Kama gunia ni lumbesa, halitaingia lote. Mwageni kiasi, linalobaki liwekeni juu ya mbao, lisiguse sakafu. Na chenga msizitupe! Zikichanganywa na uji wa unga wa muhogo, zikafinyangwa na kuanikwa, mnapata mkaa mwingine.

HAPA HAKUNA UTANI

Mkaa uliowahi kuwaka usirudi kwenye sanduku siku hiyohiyo. Kipande kinaweza kuwa cheusi nje na chekundu ndani. Zimeni kwa maji, au mfunikeni kwenye bati la majivu mpaka kesho. Mkaa uliotoka kwenye tanuri karibuni nao ukae kwanza nje, mbali na nyumba, maana unaweza kuwaka tena wenyewe.

Sanduku likae barazani au kwenye banda lenye paa, mbali na jiko linalowaka na mtungi wa gesi. Breki zifungwe muda wote, komeo pia, hasa kama kuna mtoto anayetambaa.

Na kubwa kuliko yote: jiko la mkaa linalowaka halilali ndani na watu, hata kuwe na baridi kiasi gani. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi, na wengi hawaamki. Mjamzito na mtoto aliye tumboni wako kwenye hatari zaidi. Mkihisi dalili hizo, tokeni nje wote na muwahi hospitali. Baridi dawa yake ni blanketi. Na mkiwa wawili, mnajua wenyewe!

KAZI YA NANI SASA?

Sanduku peke yake haliponyi ndoa. Kwetu tulikubaliana hivi: kujaza ni kazi ya baba kila Jumamosi, kabla hajaondoka. Kusukuma ni kwa aliye karibu. Aliyetoa mkaa ndiye anayefagia.

Ushauri wangu kwa wadada: ukisema "wewe hunisaidii kamwe", mwanaume anasikia lawama na anaanza kujitetea. Mwambie kitu gani hasa unakitaka, na lini. Na kwa wakaka: mke akilalamikia gunia, msikilize kabla hujamtafutia mtoto wa jirani. Pengine anachokuomba ni siku moja ya kazi na magurudumu manne. Haya, Jumamosi inakuja, kazi kwenu!