Gemu Kali Iliyouawa na Tarehe

Ukiingia kibanda chochote cha gemu mtaani, foleni ni ya FIFA. Sawa, hakuna ubaya. Lakini leo nataka nikuonyeshe gemu moja kali ambayo wengi wetu tuliipita tu: Titanfall 2.

EA waliitoa Oktoba 28, 2016. Wiki moja kabla, hao hao EA walikuwa wametoa Battlefield 1. Wiki moja baadaye, Call of Duty mpya ikatua. Sasa wewe mwenye pesa ya gemu moja, ungenunua gani? Ndivyo ilivyobanwa katikati, na mauzo yakawa chini ya matarajio.

Na haikuwa mbovu, bana. Wewe ni Jack Cooper, askari wa kawaida anayeachiwa roboti kubwa, BT, baada ya rubani wake kufa vitani. Unakimbia ukutani kama mjusi. Kuna hatua ambapo ukibonyeza kitufe kimoja tu, jengo lililoungua linarudi kuwa zima, kwa sababu umerudi miaka ya nyuma. Bonyeza tena, uko leo. Ukimaliza, utammisi BT kama beste wako.

Mwaka wa 2019, Respawn, walioitengeneza, wakatoa Apex Legends bila malipo, katika ulimwengu ule ule. Watu milioni 25 waliicheza wiki ya kwanza. Unaona? Ufundi ulikuwepo tangu zamani.

Kwa hivyo ukipata Titanfall 2 kwa bei ya kutupa, usiipite mara ya pili. Na kama una kazi yako unayotaka kuachilia, angalia kwanza nani mwingine anaachilia wiki hiyo.